Kushona Mfuko wa Kitambaa wa Zawadi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa kuzingatia vitambaa na vifaa vinavyopatikana katika maduka ya Tanga mjini, hasa Ngamiani, na yanamlenga mtu aliyewahi kukaa mbele ya cherehani japo kidogo. Vipimo vyote ni vya mfuko mmoja wa kubeba begani, wenye bitana, yaani kitambaa cha ndani, na kitako bapa.

Kwa nini nishone mfuko ilhali mifuko inauzwa kila mahali?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, mtu anayekwenda sokoni hana budi kwenda na chombo chake au kununua mfuko mbadala mlangoni pa duka. Mingi ya mifuko hiyo mbadala haikufumwa. Ni nyuzinyuzi za plastiki zilizogandamizwa kwa joto, nazo zikipigwa jua kwa muda huanza kupukutika, tena huanzia pale pale mkanda uliposhikizwa. Mfuko wa pamba ulioshonwa vizuri hufuliwa, hupigwa pasi na hutengenezeka ukichanika, na ndiyo maana unafaa kuwa zawadi. Kwa samaki, hata hivyo, kikapu cha ukindu au ndoo bado ni bora, na hakuna haja ya kushona mfuko wa kushindana navyo.

Nianze na kitambaa au na kipimo?

Anza na mtu. Kosa linaloonekana zaidi katika mifuko ya zawadi ni kwamba mshonaji alivutiwa na ua la kitenge dukani, akanunua, akakata, kisha ndipo akafikiri nani atakayeubeba. Shangazi anayekwenda sokoni kila asubuhi anahitaji mfuko mpana wenye kitako, ambao utasimama wenyewe sakafuni akiuweka chini; mwanafunzi anahitaji mfuko mrefu wa kuingiza daftari kubwa bila kukunja pembe; bibi ambaye bega lake linamuuma anahitaji mikanda mifupi ya kushika mkononi, na mfuko mdogo utakaomzuia kubeba kupita kiasi. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo fikiria pia kama mpokeaji ataning'iniza mfuko huo kwenye usukani: mikanda mirefu ikiachwa ilegee hapo, huingia katika gurudumu la mbele.

Kwa mtu ambaye hujui matumizi yake, kipimo cha katikati ni upana wa sentimita 35, kimo cha sentimita 38 na kitako cha sentimita 10. Hicho ndicho kipimo kinachotumika katika majibu yote hapa chini.

Ni kitambaa kipi kinachofaa?

Kitenge cha pamba ndicho rahisi kuliko vyote kwa anayeanza, kwa sababu hakitelezi chini ya sindano, hakivutiki sana na kinakubali pasi. Kiguse kabla ya kununua: kikunje kwenye ngumi kwa muda mfupi kisha kiachie. Cha pamba hubaki na mikunjo; cha nailoni au poliesta hujinyoosha, na hicho kitakusumbua, kwa kuwa hakikai kwenye kunjo la pasi na mkanda wako utakuwa na mawimbi.

Jinzi za mitumba ni hazina ambayo watu wengi wanaipita. Suruali moja pana ya kiume hutoa kitambaa cha kutosha kwa kitako na mikanda, tena kitambaa kilichokwisha kufuliwa mara nyingi na ambacho hakitapungua wala kuchuja rangi tena. Ubaya wake ni unene: pale mishono miwili inapokutana, cherehani dogo la umeme hukwama, ilhali la miguu, lile jeusi la chuma, hupita bila kulalamika.

Marekani, ile pamba ghafi isiyotiwa rangi ambayo misafara ya Bagamoyo ilibeba kwenda bara katika karne ya 19, inafaa kwa bitana na pia kwa mfuko unaokusudiwa kudariziwa au kuchorwa. Turubai zito la pamba hutoa mfuko imara usiohitaji bitana, lakini linataka sindano nene na mikono yenye nguvu. Satini na shifoni ziachie magauni.

Kanga ina swali lake.

Je, ninaweza kutumia kanga, na nifanye nini na jina lake?

Unaweza, mradi ukumbuke mambo mawili. La kwanza ni wepesi wake: kanga ni pamba nyembamba, na ikibebeshwa peke yake kilo tatu za mchele huvutika pembeni na kuachia nyuzi kwenye mshono. Itie mgongoni kitambaa kingine, marekani au jinzi nyepesi, uvipige bandi, yaani mishono mirefu ya muda, pande zote nne na kuvishona kama kitambaa kimoja. Kitambaa cha gundi cha kukazia kola, kinachobandikwa kwa pasi, husaidia mfuko usimame, lakini hakiongezi nguvu ya kubeba. Wengi hulichanganya hilo.

La pili ni jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Kipande kimoja cha kanga kina upana wa takribani sentimita 150 na kimo cha sentimita 110 hivi, na jina huandikwa kwa urefu sehemu ya chini ya mji, yaani eneo la katikati ya kanga, juu kidogo ya pindo. Mara nyingi maandishi hayo ni marefu kuliko uso wa mfuko wenye sentimita 35, na hapo ndipo watu wanapokata methali katikati, wakampa mtu mfuko unaosema nusu ya neno. Kuna njia mbili nzuri. Mfuko wetu una mzingo wa sentimita 90, yaani mbele, nyuma na pande mbili za kitako, kwa hiyo jina lisilozidi hapo linaweza kukatwa kama utepe mmoja na kushonwa juu ya uso wa mfuko likiuzunguka, kabla mshono wa upande haujafungwa. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kulishona jina ndani, juu ya bitana, karibu na mdomo: aliyepewa hulisoma kila anapofungua, na wapita njia hawahusiki.

Chagua jina kwa uangalifu kuliko unavyochagua rangi. Kanga ya mafumbo inayompendeza shoga yako, rafiki yako wa kike, inaweza kuwa vita ukimpelekea wifi au mama mkwe, na kusema kwamba hukusoma kabla ya kununua hakutakusaidia, kwa sababu hakuna mtu wa pwani atakayeliamini hilo. Majina ya dua, ya shukrani na ya kuwasifu wazazi ni salama. Vilevile kumbuka kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili pamoja. Kipande cha pili kisitupwe kabatini, bali kipindwe na kukunjwa ndani ya mfuko, zawadi iwe imekamilika. Wapo wazee wanaoumia kuona kanga nzima ikiingizwa mkasi. Kama mpokeaji ni mmoja wao, tumia iliyokwisha kuchakaa pindo, ukate mji tu.

Ninunue kiasi gani?

Kwa kitenge chenye upana wa sentimita 115 hivi, yadi moja inatosha uso wa mfuko, yaani kitambaa cha nje, mbele na nyuma, pamoja na mikanda, na sentimita 60 za kitambaa kingine zinatosha bitana pamoja na mfuko mdogo wa ndani. Ukitaka mikanda ikatwe kufuata urefu wa kitambaa, jambo ambalo ni bora, nunua yadi moja na nusu. Ikiwa kitenge kina picha kubwa yenye juu na chini, kama ndege au chungu, ongeza robo yadi ili usije ukaona ndege wa upande wa pili akiruka miguu juu.

Ni lazima kufua kitambaa kabla ya kukata?

Ndiyo, uso na bitana vyote viwili. Pamba mpya hupungua inapofuliwa kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa vitambaa viwili havipungui sawasawa, mfuko ulioshonwa bila kufuliwa utakunjamana ndani baada ya safari moja ya beseni. Wekundu na weusi huchuja: loweka kila rangi peke yake, ubadilishe maji mpaka yabaki meupe. Chumvi na siki hutajwa sana kuwa huzuia rangi, lakini kwa rangi za viwandani usizitegemee. Kinachosaidia ni kuosha mpaka rangi ya ziada iishe.

Vipande vinakatwaje?

Uso ni vipande viwili, kila kimoja upana wa sentimita 48 na kimo cha sentimita 46. Hesabu yake ni hii: upana wa mfuko 35, kitako 10, na akiba ya mshono sentimita moja na nusu kila upande; kimo cha mfuko 38, nusu ya kitako 5, na akiba ya juu na chini. Bitana hukatwa vipimo hivyo hivyo. Mikanda ni miwili, kila mmoja upana wa sentimita 12 na urefu wa sentimita 75. Katika mabaki ya bitana utapata kipande cha sentimita 19 kwa 40 cha mfuko wa ndani.

Piga pasi kabla ya kupima, na pima kutoka kwenye ukingo uliofumwa kiwandani, si kutoka pale muuzaji alipochana. Kata kwa mkasi ambao haujawahi kukata karatasi.

Sindano na uzi vya namna gani?

Kwa kitenge chenye bitana, sindano namba 90/14. Kwa jinzi au turubai, 100/16, na pale penye tabaka nyingi hata 110/18. Uzi uwe wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza mapema kwa jasho na unyevu wa bahari. Tumia uzi wa aina moja juu na kwenye bobini. Na kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi, usiache pini kwenye kitambaa usiku kucha: pini za chuma duni hushika kutu upesi, na doa la kutu kwenye marekani nyeupe halitoki kirahisi.

Nifuate utaratibu gani wa kushona?

Tengeneza mikanda kwanza, kwa namna inayoelezwa katika swali linalofuata, kwa sababu ukiiacha mwisho utaifanya kwa haraka. Kisha shona mfuko wa ndani: kikunje kile kipande cha sentimita 40 katikati, uso kwa uso, ushone pande ukiacha nafasi ndogo, ukigeuze, ukipige pasi na kukishona juu ya bitana sentimita 10 chini ya mdomo. Simu itaingia.

Hapo weka vipande viwili vya uso, uso kwa uso, ushone pande mbili na chini. Fanya vivyo hivyo kwa bitana, ila chini yake acha tundu la sentimita 15 la kugeuzia. Ushone chini ya bitana nusu sentimita ndani zaidi kuliko ulivyoshona uso. Bitana iliyo fupi kidogo hukaa ikiwa imenyooka, lakini iliyo ndefu hujikusanya chini na kumeza funguo.

Kitako hupatikana kwenye pembe. Shika pembe moja, ukutanishe mshono wa upande na mshono wa chini vilale kimoja juu ya kingine, pembe iwe ncha kama sambusa. Pima kutoka nchani, ukifuata mshono, sentimita 5; chora mstari unaoukata mshono huo, nao utakuwa na urefu wa sentimita 10. Shona juu ya mstari mara mbili na ukate ncha, ukiacha sentimita moja. Rudia pembe nyingine ya uso na zote mbili za bitana.

Mwisho, geuza uso wa mfuko utazame nje, uutumbukize ndani ya bitana iliyogeuzwa mgongo nje, mikanda ikiwa katikati ya viwili hivyo na vitanzi vyake vikining'inia chini. Linganisha mishono ya pembeni, piga bandi mdomo mzima, ushone kuzunguka. Vuta kila kitu kupitia lile tundu la bitana, uzibe tundu kwa mkono, upige pasi mdomo na kupitisha mishono miwili ya juu, mmoja karibu kabisa na ukingo na mwingine sentimita mbili chini yake.

Kwa nini mikanda hung'oka, na nizuieje?

Hili ndilo swali linalostahili muda wako kuliko yote, kwa maana kila mfuko uliokufa mapema ulikufia hapa. Mzigo wote wa mfuko huangukia sehemu nne ambazo kila moja ina upana wa sentimita tatu. Ikiwa sehemu hizo zimeshikwa na mshono mmoja wa mdomo tu, uzi utakata kitambaa tundu baada ya tundu kama karatasi ya stempu.

Kunja mkanda katikati kwa urefu, upige pasi, ufungue, ukunje kila upande mpaka kwenye kunjo la katikati, kisha ukunje tena: utapata mkanda wa sentimita tatu wenye tabaka nne. Ushone pande zote mbili, na kama utatumika kwa mizigo, ongeza mishono miwili katikati. Kitambaa huvutika zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, yaani nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu, ndizo ngumu. Kwa hiyo mikanda iliyokatwa kufuata upana wa kitenge itiwe ndani kipande chembamba cha jinzi au utepe wa pamba kabla ya kukunjwa mara ya mwisho.

Unapoiweka kwenye mdomo, pima sentimita 15 kati ya mguu mmoja wa mkanda na mwingine, uwe katikati ya uso. Usilinganishe ncha ya mkanda na ukingo wa kitambaa, bali iache ipite nje sentimita mbili na nusu. Mfuko ukigeuzwa, ncha hiyo itakuwa imeshuka sentimita nne ndani, kati ya uso na bitana, na hapo utashona juu yake mraba wenye mistari miwili inayopishana katikati. Ukiwa na jinzi, weka kiraka kidogo nyuma ya kila mraba. Kazi hiyo haionekani kwa nje, na mpokeaji hatajua kwamba ipo.

Wapo wanaouliza kuhusu kamba ya mkonge, zao lililolimwa Tanga tangu miaka ya 1890 na ambalo lingeupa mfuko sura ya nyumbani. Kwa mfuko wa kushika mkononi inawezekana, iwapo sehemu ya kushika imeviringishiwa kitambaa. Kwa bega, hapana: nyuzi zake huchoma na kuharibu nguo.

Kabla ya kuutoa, utie mfuko kilo tano za mchele au sukari, uutundike kwenye msumari imara na uuache mpaka asubuhi. Mshono dhaifu utajitambulisha.

Sina cherehani. Nitashona kwa mkono?

Inawezekana kabisa. Tumia mshono wa kurudi nyuma, ambao kila hatua inarudi kujaza nafasi ya iliyotangulia, kwa uzi ulioongezwa mara mbili na kupakwa nta. Vaa subana, ile kinga ya kidole. Ikiwa kitambaa ni jinzi, mpelekee fundi mikanda na ile miraba minne tu, na mengine yamalizie mwenyewe.

Cherehani linaruka mishono au linakusanya uzi chini. Tatizo ni nini?

Mara nyingi ni sindano iliyopinda au iliyo butu; ibadilishe kabla ya kugusa kitu kingine. Ikiwa uzi unakusanyika chini ya kitambaa, kasoro kwa kawaida iko juu: uzi wa juu haukupita vizuri kwenye kikaza, kwa hiyo inua mguu wa cherehani, utoe uzi wote na uupitishe upya. Penye tabaka nyingi, acha kukanyaga, ukazungushe gurudumu kwa mkono hatua kwa hatua.

Niweke zipu au kifungo?

Kwa mfuko wa sokoni, usiweke chochote. Kwa anayepanda daladala akiwa na simu na fedha, kifungo kimoja na kitanzi katikati ya mdomo vinatosha. Zipu hupunguza upana wa mdomo na ndiyo ya kwanza kuharibika kwa chumvi.

Mwanamume anaweza kupewa mfuko huu?

Bila shaka. Jinzi au turubai la rangi moja, mikanda mirefu, bitana ya kitenge ambayo yeye peke yake ataiona.

Nikishauandaa, niutoe vipi?

Usiutoe mtupu. Pwani chombo hakiendi kwa mtu bila kitu ndani, na hakuna haja ya gharama: machungwa ya Muheza ukiwa msimu wake, pakiti ya majani ya chai, au ile kanga iliyobaki katika doti. Kwa biharusi, wengine hutia udi na asumini. Asumini ziwekwe kwenye karatasi, kwa sababu zikinyauka huacha madoa ya kahawia kwenye bitana.

Mpokeaji aufueje?

Kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukiwa umegeuzwa ndani nje, na uanikwe kivulini ukiwa umening'inizwa kwa kitako, si kwa mikanda. Usikunjwe ukiwa na unyevu, hasa miezi ya masika, kwani ukungu huanzia katika pembe za kitako ambako tabaka ni nyingi. Mshono wa mdomo ukianza kulegea, ushonwe siku hiyo hiyo. Mwambie akurudishie ikiwa hana sindano, na uhifadhi kipande cha kitambaa kilichobaki kwa ajili ya viraka.